Uzi maalumu: Unatunga kampeni yako ya anga za juu ya kuchezwa mezani? Anza na umbali

#1 msimu_wa_kusi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Swali hili linarudi humu kila mara: mtu ana marafiki watatu au wanne, wana hamu ya kucheza hadithi ya anga za juu waliyoitunga wenyewe, waanzie wapi? Majibu yanayokuja huwa ni meli, silaha na majina ya himaya. Mwuliza swali anakwenda kujaza daftari zima historia ya miaka elfu tano, wachezaji wanakaa mezani, na hakuna anayejua afanye nini. Mimi naendesha kampeni za namna hii kwa muda mrefu na kuna jambo moja ninaloliamini kabisa. Kabla hujaandika kitu kingine chochote, amua safari inachukua muda gani, na habari inachukua muda gani. Hayo mawili yakishakaa sawa, biashara, siasa, madeni na ugomvi vinakuja vyenyewe.

Kwa wageni wa mchezo huu: mmoja anakuwa msimulizi, anaeleza mahali na matukio. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, naye ndiye anayesema mhusika huyo anafanya nini. Penye mashaka, dadu inaamua. Kampeni ni hadithi moja inayoendelea kikao baada ya kikao. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974, na haikuchukua muda watu wakaupeleka mtindo huo angani. Mimi hurudi sana kwa Traveller ya Marc Miller, ya 1977, kwa sababu iliujua umbali mapema. Meli ikiruka kutoka nyota moja kwenda nyingine inakaa kama wiki nzima njiani, na hakuna ujumbe unaoweza kuitangulia. Habari ya mapinduzi inafika na meli, kama barua. Kutokana na kanuni hiyo moja gavana wa mbali anajiamulia mambo kwa kuwa hana wa kumwuliza, mfanyabiashara anayewahi na habari anatajirika, na mhalifu anayewahi kuondoka anafika bandari ya pili akiwa mtu mpya.

Huhitaji kwenda mbali hivyo. Mfumo wetu wa jua una hesabu zilizo tayari, na ni nzuri kuliko nyingi tunazobuni. Chukua Mirihi. Njia inayotumia fueli kidogo kabisa kutoka Duniani inachukua takriban miezi minane na nusu, na huwezi kuondoka siku yoyote utakayo. Sayari hizi mbili hukaa mkao unaofaa mara moja tu katika kila miezi 26 hivi. Ukishafika huwezi kugeuza upesi. Unangoja Mirihi karibu miezi 15 mpaka mkao wa kurudi utimie, kisha miezi minane na nusu mingine njiani. Safari nzima, kwenda na kurudi, inakula miaka miwili na miezi minane. Ujumbe wa redio nao, ambao huenda kwa kasi ya mwanga, unachukua kati ya dakika 3 na 22 kufika upande mmoja, kutegemea sayari zimeachana kiasi gani.

Mtu wa pwani ameshaona ninakoelekea. Hii ni kaskazi na kusi. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja kwetu na kaskazi, yakarudi na kusi, na kati ya pepo hizo mbili mabaharia walikuwa wamekwama bandarini wapende wasipende. Katika kungoja huko watu walioa, walikopeshana, walijifunza lugha, wakaacha watoto na nyumba mbili zisizojuana. Msimu wa upepo uliwalazimisha wageni wakae pamoja muda wa kutosha mpaka wakawa na jambo baina yao. Hicho ndicho msimulizi anachokitafuta usiku na mchana: sababu ya watu wasiopatana kutoweza kuondoka. Mirihi inakupa sababu hiyo bure.

Kwa hiyo kampeni yangu inakaa mahali pamoja, bandari iliyochimbwa ndani ya Phobos, mwezi mkubwa kati ya miezi miwili ya Mirihi. Phobos ina urefu wa kilomita 27 hivi na huzunguka Mirihi kwa muda usiofika saa nane. Uvutano wake ni mdogo kiasi kwamba mtu wa kilo 70 pale ana uzito kama wa gramu 40 hapa kwetu. Kikombe kikikuponyoka mkononi kinachukua zaidi ya sekunde 20 kufika chini. Mambo kama hayo wape wachezaji dakika za mwanzo kabisa, kabla ya historia yoyote. Kule chini ya dirisha Mirihi imejaza anga, kuli anasukuma kontena la tani kumi kwa mkono mmoja, na anaogopa, kwa sababu likishaanza kwenda kulisimamisha ni kazi nyingine. Uzito umepungua, lakini tani kumi ni tani kumi zile zile, na zinaweza kumbana mtu ukutani akafa.

Kikao cha kwanza ninachopenda kuanzisha nacho ni hiki, kichukueni mkitaka. Zimebaki siku sita kabla ya meli za mwisho za msimu kuondoka kwenda Duniani. Atakayekosa atangoja miezi 26. Nahodha wa meli ya wachezaji amefariki, kifo cha kawaida, moyo. Hati za meli zina jina lake. Shehena imezuiliwa forodhani mpaka apatikane mwenye haki ya kutia saini. Nahodha alikuwa amechukua hundi kwa mfanyabiashara wa pale bandarini, italipwa na jamaa wa huyo mfanyabiashara aliye Duniani shehena ikifika salama. Sasa nahodha hayupo, na kila aliyemdai anapiga mlango. Msimu huo wa kuondoka, ujumbe kwenda Duniani unachukua kama dakika 13, na jibu dakika 13 nyingine, ukiacha muda wa mtu wa upande wa pili kufikiri, kulala, au kukataa kujibu.

Wachezaji ndio mabaharia waliobaki. Mmoja wao ni mtoto wa nahodha, na hajui biashara. Mwingine ni fundi wa injini ambaye hajalipwa. Mpishi amekaa melini kuliko wote na anajua siri moja. Wa nne, kama yupo, ni mgeni aliyelipia nafasi ya kwenda Duniani na hawezi kungoja. Hakuna adui, hakuna bunduki, na bado sijaona meza iliyonyamaza kwenye kikao hiki. Watu wanabishana kwa saa tatu kuhusu nani atie saini.

Kabla ya kikao waulize wachezaji mambo ambayo hawataki yaguswe mezani. Ukosefu wa hewa na kufungiwa mahali padogo vinawasumbua watu halisi. Ulizeni, andikeni, heshimuni.

Jambo la mwisho kwa leo ni kuhesabu vitu. Kampeni za anga za juu zinakufa kwa uhasibu. Mimi nahesabu vitatu tu: hewa, fueli na deni. Mtu mmoja anatumia takriban gramu 840 za oksijeni kwa siku, lakini sipimi gramu. Naandika "siku za hewa" kwenye karatasi moja kubwa katikati ya meza ambapo kila mtu anaiona. Mgeni akipanda, siku zinapungua mbele ya macho yao. Deni nalo nalibandika hapo hapo, lina jina la mdai na tarehe ya kulipa. Risasi, chakula na vipuri vitajwe pale hadithi inapovihitaji.

Karibuni tuchangie.

#2 kete_mbili

Mkuu umeshusha nondo, nimekaa siti ya mbele. Ila nina swali la kweli. Meli imeondoka Phobos, sawa. Miezi minane na nusu njiani kuna nini cha kucheza? Wachezaji wangu wakisikia "miezi minane" wanafungua simu.

#3 msimu_wa_kusi

Swali zuri sana mkuu. Usiicheze siku kwa siku. Iruke, lakini irukie kwa gharama.

Ninapofunga mlango wa bandari nawageukia wachezaji mmoja mmoja na kumpa kila mtu swali moja. Ni nani kati ya wenzako ambaye huongei naye tena, na kwa nini? Umeharibu kitu gani ukakificha? Umejifunza nini kutoka kwa mpishi? Ujumbe gani ulipokea kutoka nyumbani ukaufuta? Mchezaji anajibu kwa kutunga mwenyewe, na jibu lake linakuwa kweli. Kisha natupa dadu mbele yao kwa ajili ya meli: moja ya hewa, moja ya injini. Kitu kimoja lazima kiwe kimepungua. Dakika ishirini za meza zimepita, miezi minane imepita, na wanashuka Duniani wakiwa na makovu ambayo mimi peke yangu nisingeweza kuyatunga.

Tena kumbuka madeni hayalali wakati wa safari. Mdai wa Phobos anaweza kutuma ujumbe leo ukafika Duniani ndani ya dakika, wakati meli yenu bado iko njiani miezi saba. Mnafika mnakuta mlangoni watu wanaowajua majina.

#4 nyota_elfu

Naheshimu uzi lakini sikubaliani. Sisi tunacheza ili tuone mambo ambayo hayapo. Nyota nyingi, viumbe wa ajabu, sayari mpya kila wiki. Ukitufunga kwenye Phobos miezi 15 umetuletea maisha ya ofisini. Kampeni yangu ina lango, unaingia huku unatokea kule papo hapo, na wachezaji wangu wana furaha.

#5 msimu_wa_kusi

nyota_elfu, wachezaji wakifurahi umefaulu, hapo sina neno. Na simwambii mtu asiende kwenye nyota. Nyota ya jirani kabisa na Jua, Proxima Centauri, iko miaka ya mwanga 4.24, kwa hiyo bila kubuni kitu hutafika. Lazima lango liwepo au kitu kama lango.

Ninachokuomba ni ulipe hilo lango sheria. Lina foleni? Nani anashika ufunguo? Linapitisha watu lakini redio haipiti? Linafunguka mara ngapi kwa mwaka? Lango linalopitisha chochote, saa yoyote, kwa yeyote, linakuondolea kila tatizo: mgonjwa anakimbizwa hospitali kubwa, jeshi linafika baada ya nusu saa, na mchezaji akiharibu kazi mahali anahama tu. Lango likifunguka mara moja kwa mwezi, una bandari, una walanguzi wa nafasi za kupita, una mtu aliyebaki upande usio wake. Viumbe wako wa ajabu wabaki vile vile. Watakuwa wa ajabu zaidi kwa kuwa huwezi kuwakimbia jioni hiyo hiyo.

#6 fundi_umeme_TZ

Niongezee kwa wanaotaka kwenda mbele ya Mirihi, maana huko ndiko kuna mandhari.

Mshtarii una mkanda mkali sana wa mnururisho. Kwenye mwezi wake Europa mtu asiye na kinga atapata dozi ya kumwua ndani ya siku moja hivi. Kwa hiyo kama unataka mji, uweke Callisto, mwezi wake mwingine, iko nje ya sehemu mbaya ya mkanda ule. Europa wapeleke roboti na watu wa zamu fupi walio chini ya barafu. Tayari una tabaka mbili za watu: wanaokaa Callisto na wanaoshuka Europa. Hapo chama cha wafanyakazi kinajitunga chenyewe.

Zohali nayo ina mwezi uitwao Titan. Watu wengi wanaisahau. Hewa yake ni nzito, mgandamizo kama mara moja na nusu ya huu wetu, na uvutano wake ni karibu asilimia 14 ya wa Dunia. Huhitaji suti ya kutunza mgandamizo, unahitaji joto na oksijeni, maana kuna baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri. Mtu akifunga mabawa mikononi anaweza kuruka kwa nguvu zake mwenyewe. Wachezaji wangu walipogundua hilo kikao kizima kilikuwa cha mbio za kuruka juu ya ziwa la methani. Ujumbe kutoka huko hadi Duniani unachukua zaidi ya saa moja, kwa hiyo Titan anayetawala ni aliyepo Titan.

#7 mzee_wa_ungwana

Wazee, mmeenda Titan mkapita Malindi bila kusalimia!

Huku kwetu pwani ya Kenya, karibu na Malindi, kuna majukwaa ya kurushia roketi yaliyosimama baharini, ya mradi wa Waitaliano wa San Marco. Satelaiti zilirushwa kutoka hapo kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya Wamarekani, ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kutazama mionzi ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru. Hiyo ni historia, haihitaji kubuniwa.

Na sababu ya kuchagua mahali pale bado ipo. Karibu na ikweta Dunia inazunguka kwa kasi ya mita 465 kwa sekunde, na roketi ikirushwa kuelekea mashariki inaipata kasi hiyo bila kuilipia, na mashariki yetu ni bahari tupu. Kwenye kampeni yangu miaka mia mbili ijayo pwani nzima kuanzia Kismayu mpaka Kilwa imejaa bandari za roketi, na wavuvi wana kesi na kampuni za urushaji kwa sababu ya maeneo yanayofungwa baharini siku za kurusha. Wachezaji wangu ni wavuvi. Hawajawahi kuondoka Duniani hata mara moja na bado ni kampeni ya anga za juu. Wanaokota vipande vinavyoanguka.

#8 msimu_wa_kusi

mzee_wa_ungwana, samahani kwa kupita kimya, na asante sana. Hiyo ya wavuvi naomba ruhusa niitumie. Phobos yangu ilihitaji watu wa upande wa pili wa hundi, na sasa nimewapata.

#9 binti_wa_tabora

Mimi ni mwalimu, nataka kujaribu na klabu ya wanafunzi. Vitabu vya kanuni hatuna, hizo dadu za pande ishirini sijawahi kuziona madukani. Tunafanyaje?

#10 msimu_wa_kusi

Mwalimu, dadu mbili za ludo zinatosha kampeni nzima. Hata Traveller ya 1977 ilitumia dadu za kawaida za pande sita.

Fanya hivi. Mwanafunzi anatupa dadu mbili, anajumlisha, akipata 8 au zaidi amefaulu. Katika michanganyiko 36 inayowezekana, 15 inatoa 8 au zaidi, yaani kama asilimia 42. Mhusika mwenye ujuzi wa kazi hiyo anaongeza 1, nafasi inapanda mpaka asilimia 58. Bingwa anaongeza 2, inakuwa 72. Ona jinsi ujuzi kidogo unavyobadilisha mambo. Wanafunzi wataligundua wenyewe, na hapo una somo la uwezekano bila kulitangaza. Kazi nyepesi kabisa usitupishe dadu, mwambie tu amefaulu. Na anayeshindwa asiambiwe "haikufaulu" ikaishia hapo. Mlango umefunguka lakini kengele imelia. Injini imewaka lakini siku mbili za hewa zimepotea.

Mhusika wa mwanafunzi aandikwe kwa mistari minne: jina, kazi melini, ujuzi wa aina mbili, na mtu anayemdai au anayemngoja. Huo mstari wa nne ndio utakaotumia zaidi. Darasa likiwa kubwa, gawa makundi mawili, moja liwe Dunia na jingine Mirihi, katika vyumba viwili, na karatasi za ujumbe zipelekwe na mtu mmoja anayengoja dakika 13 akitazama saa kabla ya kuingia. Chagua mwanafunzi mwaminifu kwa kazi hiyo, maana watamhonga.

#11 wa_muscat

Salaam aleikum. Hilo la vyumba viwili sisi tunalifanya bila vyumba. Mimi niko Muscat, ndugu zangu wako Unguja, binamu mmoja Uingereza. Kukutana mezani haiwezekani, hata kupiga simu pamoja ni shida kwa saa za kazi. Kwa hiyo tunacheza kwa ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Kila mmoja yuko mahali pake angani: mimi Callisto, Unguja ndiyo Dunia, binamu yuko Mirihi. Sheria yetu ni kwamba hakuna kujibu kabla ya saa moja kupita, na ukishatuma huruhusiwi kufuta.

Mleta uzi, tumekwama sehemu moja. Tulipofikia zile wiki ambazo Jua linakaa katikati ya Dunia na Mirihi, mawasiliano ya huko hukatika kweli kweli, nimesoma kwamba hata NASA huacha kutuma amri kwa vyombo vyao kama wiki mbili. Tulijaribu kunyamaza wiki mbili halisi na hadithi ikapoa. Wewe unafanyaje?

#12 msimu_wa_kusi

Aleikum salaam. Sauti za WhatsApp zinafaa kuliko meza yangu kwa jambo hili, kwa sababu mtu anayengoja jibu anangoja kweli.

Kuhusu kimya: kama mnafuata ile njia ya fueli kidogo, kimya hicho kinaangukia karibu katikati kabisa ya ile miezi 15 ya kungoja Mirihi. Msiache kurekodi. Binamu wa Mirihi aendelee kurekodi kila siku anachofanya, lakini amtumie msimulizi peke yake. Unguja nao wafanye hivyo hivyo. Kila upande uchukue angalau uamuzi mmoja mkubwa bila kuujua wa mwenzake: kuuza, kuoa, kumsamehe mdai, kumfukuza mtu melini. Msifanye wiki mbili halisi, fanyeni siku tatu. Siku ya nne msimulizi anazimwaga sauti zote kwa kundi zima kwa mkupuo, kwa mpangilio wa tarehe, za Dunia na za Mirihi zikipishana.

Wewe uliye Callisto una bahati ya pekee. Jua likiwa kati ya Dunia na Mirihi, kwa kawaida Mshtarii uko pembeni na unaziona zote mbili. Ujumbe unaweza kupitia kwako, kwa kuchelewa na kwa bei utakayotaka. Amueni kabla ya kuanza kama wenzako wanalijua hilo au la.